Descartes, jamaa wa x na y aliyependa kulala

Kama ulipitia sekondari, umeshakutana na kazi yake. Karatasi ya miraba, mstari mmoja umelala, mwingine umesimama, halafu mwalimu anasema chora y = 2x + 1. Mwenye hayo mambo ni René Descartes.

Alizaliwa Ufaransa mwaka wa 1596. Mamake alifariki yeye akiwa na mwaka mmoja hivi, na mwenyewe alikuwa mtoto wa kuuguaugua. Kwa hivyo mapadre wa shule ya La Flèche walimruhusu abaki kitandani asubuhi wenzake wakidamka. Jaribu hiyo bodi yako uone! Baadaye alipata digrii ya sheria, hakuitumia, akaingia jeshini Uholanzi.

Mwaka wa 1637 alitoa kitabu, na nyuma yake akabandika sehemu inayoitwa La Géométrie. Hapo ndipo penye utamu. Kabla yake, aljebra na michoro kwa kawaida zilienda kila moja kivyake. Yeye akaonyesha kwamba mlinganyo ni mchoro. Ebu jaribu: x ikiwa 1, y ni 3. Ikiwa 2, y ni 5. Ikiwa 3, y ni 7. Weka nukta, ziunganishe, mstari umenyooka twaa. Nayo x² + y² = 25 inakupa duara. Basi swali la umbo linalokutoa jasho, unaligeuza hesabu.

Usidhani alikuwa peke yake, lakini. Wakili Pierre de Fermat, Mfaransa mwenzake, alifikia wazo lilo hilo wakati huohuo, ila kazi yake ilichapishwa 1679 akiwa ameshakufa. Na ile stori kwamba Descartes alipata wazo akitazama nzi darini? Tamu, ila mimi siinunui.

Maisha hayakumhurumia. Bintiye wa pekee, Francine, alifariki 1640 akiwa na miaka mitano.

Kisha 1649 Malkia Christina wa Uswidi akamwita Stockholm amfundishe. Saa ya kipindi? Saa kumi na moja alfajiri, na baridi ya kule ni noma. Mtu aliyezoea blanketi! Alishikwa na nimonia, akafa Februari 11, 1650, akiwa na miaka 53.

Mji alikozaliwa uliitwa La Haye. Siku hizi unaitwa Descartes.