Mzee Kabila na tarehe 17 Mei

Tarehe 17 ya mwezi wa tano ni siku ya mapumziko: siku ya Mapinduzi na ya Jeshi. Inakumbusha mwaka wa 1997, maaskari wa AFDL walipoingia Kinshasa, kesho yake tu Mobutu amekwisha kukimbia mji. Lakini mapinduzi hayo yalianzia huku Kivu ya Kusini, na mtu aliyeyaongoza alikuwa ameyatafuta miaka mingi katika milima ya Fizi.

Laurent-Désiré Kabila alizaliwa mwaka wa 1939, Muluba wa Katanga. Kwenye uasi wa 1964 alikuja upande wa Uvira na Fizi. Mwaka uliofuata Che Guevara alivuka ziwa Tanganyika pamoja na Wacuba wake, akakaa miezi saba. Kabila mwenyewe alionekana mlimani mara chache sana. Siku nyingi alikuwa Dar es Salaam. Mwaka wa 1967 alianzisha chama cha PRP, akawa na kaserkali kake kule Hewa Bora, zahabu ikivushwa kwenda Kigoma. Alishambulia Moba mwaka wa 1984, tena 1985. Mobutu hakutikisika.

Mwezi wa kumi 1996 alirudi, na safari hii na jeshi la kuazima: Rwanda mbele, Uganda nayo nyuma yake. Walikuwa wakubwa wanne: yeye, Kisase Ngandu, Masasu Nindaga na Bugera. Mapatano yao ya tarehe 18 yanaitwa ya Lemera, na jina hilo linauma, maana tarehe 6 wagonjwa walikuwa wameuawa vitandani katika hospitali ya Lemera. Tarehe 29 Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa akauawa hapa Bukavu, na mji ukaanguka.

Kutoka hapo, miezi saba tu mpaka Kinshasa, wengi kwa miguu, wakadogo na buti zao za plastiki. Kisase hakufika, aliuawa mwezi wa kwanza 1997. Masasu alifika, lakini alipigwa risasi mwisho wa mwaka wa 2000, chini ya utawala wa Kabila mwenyewe.

Na wenye jeshi walidai chao. Mwezi wa saba 1998 Mzee aliwaambia Wanyarwanda warudi kwao. Tarehe 2 Agosti vita ikawaka tena, Bukavu ikachukuliwa na RCD. Alipouawa Kinshasa tarehe 16 Januari 2001, mji huu ulikuwa bado mikononi mwao, na mstari wa vita ulikuwa umeukata na Kinshasa.