Karoli Lwanga, Mwalimu wa Vijana

Mwalimu wa dini tutamjuaje kuwa ni wa kweli? Si kwa kanzu yake, wala kwa sauti yake kubwa, wala kwa wingi wa maneno yake. Siku ya hatari ndiyo itakayotuonyesha. Je, siku hiyo anaponya nafsi yake kwanza, au anawaangalia kwanza wale anaowafundisha? Sikilizeni, watoto, habari za Karoli Lwanga.

Ukitoka kwetu Kasaji ukaelekea kaskazini na mashariki, ukavuka ziwa Tanganika na kwenda mbele siku nyingi, utafika nchi ya Buganda, kando ya ziwa Victoria. Huko, katika jimbo la Buddu, Karoli alizaliwa yapata mwaka wa 1860. Alikuwa kijana mwenye nguvu, tena hodari wa mieleka. Mwaka wa 1884 Mwanga alitawazwa kuwa Kabaka, yaani mfalme wa Waganda, na Karoli akaingia kumtumikia katika nyumba yake. Huko walikaa vijana wengi watumishi. Mtumishi aliyempendeza Kabaka aliweza kupewa shamba kubwa na cheo cha utawala. Kwa hiyo kila kijana alitazamia kuwa mkubwa siku moja.

Mapadre wa kwanza walikuwa wamefika Buganda mwaka wa 1879. Mwaka wa 1882 walilazimika kuondoka, wakarudi mwaka wa 1885. Katika miaka ile hapakuwa na padre. Wakristo walifundishana wao kwa wao. Mkubwa wao katika nyumba ya Kabaka alikuwa Yosefu Mukasa Balikuddembe.

Kabaka Mwanga alitaka kuwatumia vijana kwa mambo ya aibu. Yosefu akawa anawaficha. Tena mwezi wa Oktoba 1885 Askofu Hannington wa Waanglikana aliuawa kwa amri ya Kabaka, na Yosefu akathubutu kumwonya mfalme wake. Basi tarehe 15 Novemba 1885 Yosefu naye akauawa.

Kifo kile kilimwonyesha Karoli wazi njia ya mwalimu inakoishia. Mtu apendaye nafsi yake angalikimbia usiku, arudi kwao Buddu. Karoli hakukimbia. Siku ile ile akaenda kwa mapadre, akabatizwa. Kisha akashika kazi ya Yosefu. Akawafundisha vijana sala na amri za Mungu, na Kabaka alipomtaka mmoja wao kwa ubaya, Karoli alimweka mbali. Kwa kazi hiyo hakupata shamba wala cheo. Alipata hasira ya mfalme.

Hata siku ya tarehe 25 Mei 1886 Kabaka akarudi Munyonyo kutoka kuwinda viboko. Hakupata kitu, naye alikuwa na hasira. Akagundua kwamba kijana Dionisi Ssebuggwawo alikuwa akimfundisha mwenziwe dini, akampiga kwa mkuki. Usiku ule vijana hawakulala. Wote walijua kwamba kesho yake ni siku ya hukumu. Baadhi yao walikuwa hawajabatizwa bado, na padre hakuwapo. Basi Karoli mwenyewe akatwaa maji, akawabatiza kwa siri. Mmoja wao alikuwa Kizito, mtoto wa miaka kama 14. Mwingine alikuwa Mbaga Tuzinde, kijana wa nyumba ya Mukajanga, mkuu wa wauaji wa Kabaka.

Asubuhi Kabaka akawaita wote, akaamuru wanaosali wasimame upande mmoja. Karoli akaondoka wa kwanza, akimshika Kizito mkono. Wengine wakamfuata. Kama Karoli angalijificha nyuma, nani angalithubutu kutoka? Kabaka akawahukumu wachomwe moto Namugongo. Wakafungwa kamba, wakapelekwa kwa miguu. Wengine waliuawa njiani.

Huko Namugongo walikaa kama juma moja, kuni zikikusanywa. Jamaa zake Mbaga wakambembeleza aiache dini ili apone. Akakataa.

Tarehe 3 Juni 1886, siku ya Kupaa kwa Bwana, Karoli akatengwa na wenzake. Alichomwa peke yake, kwa moto mdogo, kuanzia miguuni, ili ateseke muda mrefu. Hakuwalaani waliomwua. Baadaye siku ile ile wakafa wenzake Wakatoliki 12, na Wakristo Waanglikana pamoja nao. Vijana watatu waliachiliwa, nao ndio waliosimulia mambo waliyoyaona.

Kabaka alidhani moto utamaliza dini. Kumbe, watu wengi zaidi wakaja kuomba ubatizo. Tarehe 18 Oktoba 1964, huko Roma, Papa Paulo VI aliwatangaza Karoli na wenzake 21 kuwa watakatifu. Kila mwaka tarehe 3 Juni tunawakumbuka.

Watoto, mtakutana na watu wengi watakaojiita walimu wa Mungu. Mwingine atawadai kuku na fedha kabla ya kuwaombea. Mwingine atapenda kusifiwa, na shida ikija hamtamwona. Hapo mkumbukeni Karoli. Hakuchukua kitu cha wanafunzi wake. Aliwapa alichokuwa nacho, na mwisho akatoa hata uhai wake. Nanyi pia, mkiwa na wadogo wenu njiani au mtoni, msikimbie peke yenu hatari ikija. Mshikeni mdogo mkono, kama Karoli alivyomshika Kizito.

Maswali
1. Nani alikuwa mkubwa wa Wakristo kabla ya Karoli? Kwa nini aliuawa?
2. Karoli alifanya nini usiku ule wa Munyonyo?
3. Kwa nini vijana hawakuogopa kumfuata Karoli mbele ya Kabaka?
4. Eleza jinsi unavyoweza kumtambua mwalimu wa kweli.