Festo Kivengere: Askofu aliyekimbia kwa miguu, akarudi bila kisasi

MFANYABIASHARA wa Bujumbura aliyewahi kupanda basi kwenda Kampala kupitia Kigali anaukumbuka mji wa Kabale: milima, ukungu na baridi, muda mfupi tu baada ya kuvuka mpaka wa Katuna. Si wengi wanaojua kwamba mwezi Februari 1977 askofu wa mji huo alivuka milima hiyo usiku kwa miguu, yeye na mkewe, wakikimbilia Rwanda kuokoa maisha yao. Huyo ni hayati Askofu Festo Kivengere.

Alizaliwa mwaka 1919 huko Rukungiri, kusini magharibi mwa Uganda, katika ukoo wa kitawala, na utotoni alichunga ng'ombe. Akawa mwalimu, lakini mlevi. Mwaka 1941 aliokoka katika uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, uamsho uleule uliofika hapa kwetu Matana na Buhiga.

Upole wake ulianza na baiskeli. Kulikuwa na Mwingereza mmoja aliyemchukia sana. Baada ya kuokoka aliona hawezi kumwimbia Mungu huku chuki ingali moyoni, akaendesha baiskeli maili zipatazo 50, sawa na kilomita 80, kwenda kumwomba radhi. Nyumbani pia ilikuwa hivyo. Siku moja alitoka kwenda kuhubiri akiwa amegombana na mkewe, Mera. Dhamiri ikamsuta, akarudi kwanza jikoni kuomba msamaha, ndipo akaenda kanisani.

Kiswahili alikikomaza Dodoma, Tanganyika, alikofundisha zaidi ya miaka kumi hadi 1959. Mwaka 1960 alikuwa mkalimani wa mhubiri Billy Graham wa Marekani alipozuru Afrika Mashariki. Desemba 1972 aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Kigezi, makao yake Kabale, wakati Idi Amin ameshika nchi.

Wapo wanaodhani mtu mpole ni mtu mwoga, wa kunyamaza na kukubali kila kitu. Maisha ya Festo yanakataa. Februari 1973 watu watatu walipigwa risasi hadharani katika uwanja wa Kabale, naye alisimama karibu nao akiwafariji hadi dakika ya mwisho. Februari 1977 alikuwa miongoni mwa maaskofu waliomwandikia Amin barua kulalamikia mauaji na uonevu. Tarehe 16 mwezi huo Askofu Mkuu Janani Luwum aliitwa Kampala pamoja na wenzake, akazuiwa peke yake, na hakuonekana tena akiwa hai. Serikali ilidai ni ajali ya gari. Siku chache baadaye, Festo alionywa kwamba zamu yake imefika, ndipo akashika njia ya milimani.

Kila aliyewahi kulala ukimbizini anajua kilichofuata. Mwili ulipona, moyo ukaugua. Festo mwenyewe alikiri kwamba uchungu dhidi ya Amin ulikuwa unamla kidogo kidogo, hata kuomba kukawa kugumu. Siku ya Ijumaa Kuu mwaka huohuo, akiwa katika kanisa moja mjini London, alisikia yakisomwa maombi ya Yesu msalabani kwa ajili ya waliomsulubisha. Akaona kwamba kama Yesu hakumtoa Amin katika maombi hayo, yeye Festo hana mamlaka ya kumtoa. Akamsamehe. Mwaka huo kikatoka kitabu chake kilichowashtua wengi kwa jina lake: I Love Idi Amin, yaani Nampenda Idi Amin.

Hata hivyo, ikumbukwe kwamba hakuwahi kusema Amin ana haki. Alizunguka nchi mbalimbali akieleza maovu ya utawala ule na kuwatafutia msaada wakimbizi wa Uganda. Alisamehe huku akisema kweli. Amin alipoangushwa Aprili 1979, Festo alirudi Kabale mwaka huohuo. Alikuta nchi imejaa watu wanaotafuta wa kulipiza, akahubiri upatanisho, na serikali zilizofuata nazo alizikemea zilipoonea watu. Alifariki Nairobi tarehe 18 Mei 1988 kwa saratani ya damu.

Kwetu Burundi habari hii si ya mbali. Wengi waliokimbia mwaka 1972 walirejea kutoka Tanzania wakakuta mashamba yao ya Rumonge na Nyanza-Lac yanalimwa na wengine. Yesu aliwaahidi wapole kwamba nchi itakuwa urithi wao, na neno hilo ni zito kwa mtu anayetazama mnazi au mchikichi alioupanda baba yake ukivunwa na mgeni. Festo hakutufundisha kuacha haki yetu. Alitufundisha kuidai kwa maneno ya kweli mbele ya wazee na mahakama, bila panga mkononi na bila sumu moyoni. Anayerudi na shamba lakini amebeba chuki, huyo bado yuko ukimbizini.

Mungu ailaze roho yake mahali pema.