ROBERT KOCH: BINGWA WA HADUBINI ALIYEKWAMA KWENYE MAJI MEUSI

Hebu fikiria umetoka maabara na karatasi mkononi: damu iko chini, bilirubini iko juu, wadudu wa malaria hawajaonekana. Sasa unaumwa nini? Swali kama hilo lilimsumbua mzee mmoja wa Kijerumani pale Dar es Salaam mwaka 1897. Akalijibu nusu tu.

Robert Koch alizaliwa Clausthal, Ujerumani, tarehe 11 Desemba 1843. Akiwa daktari wa wilaya tu, alionyesha mwaka 1876 jinsi kijidudu kinavyoleta kimeta. 1882 akakitaja cha kifua kikuu, jina likapaa dunia nzima. Lakini naye alikuwa na zake: 1890 alitangaza tuberkulini kuwa dawa ya TB, wagonjwa wakamiminika Berlin, na haikuwaponya.

Akiwa Dar aliletewa sampuli za ugonjwa uliokuwa unaua watu Kiziba, hapa hapa Kagera. Akapima, akathibitisha kuwa ni tauni.

Kilichompa taabu ni homa ya maji meusi. Mgonjwa wa malaria anameza kwinini, saa chache baadaye anatetemeka, macho yanakuwa manjano, mkojo unatoka kama Coca-Cola. Wengi walikufa. Koch akatazama damu zao kwenye hadubini, mara nyingi asione mdudu hata mmoja. Akahitimisha kwamba hiyo si malaria, ni sumu ya kwinini.

Kumbe kwinini ilihusika kweli, hasa kwa aliyeinywa leo, kesho akaacha. Ila malaria nayo ilikuwemo. Chembe zenye wadudu zilikuwa zimeshapasuka au dawa imeshawafagia, ndiyo maana kioo kilikuwa kitupu. Mwaka 1956 watafiti wa Marekani wakaongeza jambo jingine: wapo watu wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na baadhi ya dawa, mfano primakwini, hupasua chembe zao nyekundu.

Leo daktari anasoma vipimo kwa pamoja. Chembe zikipasuka, himoglobini inashuka. Mabaki yake yanageuka bilirubini, macho yanakuwa manjano. LDH, iliyokuwa ndani ya chembe, inapanda. Haptoglobini, inayozoa himoglobini iliyomwagika, inashuka. Uboho nao unatoa haraka chembe changa, retikulositi, kuziba pengo. Hapo unajua chembe zinavunjwa, ila hujajua nani anazivunja. Ndipo wanatafuta malaria, selimundu au G6PD, na kipimo cha Coombs kinachoonyesha kama kinga ya mwili imegeuka adui wa damu yake yenyewe. Kipimo kimoja hakimalizi kesi.

Koch alipata Nobeli 1905. Mwaka 1906 akarudi kupambana na malale, akapiga kambi visiwa vya Sese, Uganda. Huko aliwapa Waafrika atoksili, dawa yenye aseniki. Mwanzo walionekana kupata nafuu, akaongeza dozi, na baadhi wakapofuka moja kwa moja. Hili nalo lisimuliwe, maana vitabu vingi vinaishia kwenye sifa. Alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910.

Kwa nini nawaletea habari za marehemu huyu? Kwa sababu vijana wengi tunafanya yaleyale: homa kidogo, duka la dawa, nusu dozi, basi. Ukiona mkojo mweusi au macho ya manjano usisubiri kesho, kimbilia hospitali, tena taja kila dawa uliyomeza. Na kama umetibiwa malaria kali kwa sindano za artesunate, rudi upimwe damu hata kama unajisikia fiti, kwani chembe zinaweza kupasuka wiki moja hadi nne baadaye.

Koch alikuwa na hadubini bora kuliko wengi wa wakati wake, na bado kioo kitupu kilimpoteza. Sembuse mimi na wewe tunaojisomea karatasi ya maabara njiani?

Haya wadau, uwanja ni wenu. Nani kwao bibi au babu alisimulia homa ya maji meusi? Mwaga hapo chini.