Furtwängler: Hakupenda santuri, sifa zake zikabaki kwenye kanda

WILHELM Furtwängler hakupenda kurekodi. Zama zake, upande mmoja wa santuri ulibeba takriban dakika nne tu, hivyo simfoni ilikatwa vipande vipande, wapigaji wakisimama kusubiri santuri nyingine.

Mwongozaji huyo wa okestra alizaliwa Berlin, Ujerumani, Januari 25, 1886. Mwaka 1922, kufuatia kifo cha Arthur Nikisch, alikabidhiwa okestra ya Berlin Philharmonic.

Manazi waliposhika madaraka mwaka 1933, wanamuziki wengi wa Kiyahudi waliikimbia nchi. Yeye alibaki. Mwaka 1934 alimtetea hadharani mtunzi Paul Hindemith, aliyepigwa vita na watawala, kisha akajiuzulu nyadhifa zake. Hata hivyo, mwaka uliofuata alirejea jukwaani. Aliwasaidia Wayahudi kadhaa. Lakini pia, Aprili 19, 1942, mkesha wa siku ya kuzaliwa Adolf Hitler, aliongoza Simfoni ya Tisa ya Beethoven, na filamu iliyosalia inamwonyesha Waziri wa Propaganda, Joseph Goebbels, akimpa mkono.

Wakati huo redio ya Ujerumani ilikwishaanza kutumia kanda za sumaku, zilizonasa muziki ukumbini bila kukatiza. Mwezi mmoja kabla, Machi 1942, simfoni hiyo hiyo ilirekodiwa chini yake. Ngoma zake zinatisha. Wapo wanaosikia humo hasira dhidi ya watawala, ingawa ni vigumu kumtetea mtu kwa ushahidi wa ngoma.

Vita vilipomalizika mwaka 1945, Warusi walizichukua kanda nyingi za redio hiyo hadi Moscow, na nakala zilirejeshwa Berlin mwaka 1987.

Furtwängler alikuwa amekimbilia Uswisi mapema mwaka 1945. Desemba 1946 alihojiwa na baraza lililochunguza waliohusishwa na Unazi, akasafishwa, na Mei 1947 akairudia okestra yake. Wengine hawakumsamehe: mwaka 1949 mpango wa kwenda kuongoza okestra ya Chicago, Marekani, ulivunjika baada ya wanamuziki mashuhuri, akiwamo mpiga piano Vladimir Horowitz, kuugomea.

Julai 29, 1951 aliongoza tena Simfoni ya Tisa, safari hii katika ufunguzi wa tamasha la Bayreuth lililosimama tangu vita. Santuri zake zilitolewa na kampuni ya EMI mwaka 1955. Furtwängler alikwishafariki dunia Novemba 30, 1954, akiwa na umri wa miaka 68.