Dag Hammarskjöld: Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, 1953–1961

Mtahiniwa, kama unasoma Masasi au Newala, habari za mtu huyu unaweza kuanza kuzielewa ukiwa nyumbani. Simama ukingoni mwa uwanda wa Makonde pale Newala, mahali panapoitwa Shimo la Mungu, utazame kusini. Bonde lote unaloliona linashuka hadi Mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Mwaka 1955 Wamakonde waliishi pande zote mbili, kama leo. Wa upande wako walikuwa katika nchi ya udhamini. Uingereza iliitawala Tanganyika chini ya uangalizi wa Umoja wa Mataifa, ndiyo maana Machi 1955 Mwalimu Nyerere aliweza kwenda New York kulieleza Baraza la Udhamini madai ya TANU. Wa ng'ambo hawakuwa na mlango huo. Ureno ilidai kuwa Msumbiji si koloni bali ni mkoa wake.

Aliyekuwa Katibu Mkuu wakati huo ni Dag Hammarskjöld wa Sweden. Alizaliwa Jönköping tarehe 29 Julai 1905, akakulia Uppsala. Baba yake, Hjalmar, aliwahi kuwa waziri mkuu wa nchi hiyo. Dag alisomea uchumi, akafanya kazi wizara ya fedha, Benki Kuu na wizara ya mambo ya nje. Hakujiunga na chama chochote cha siasa, hata alipoingia katika baraza la mawaziri.

Sasa soma kwa makini jinsi alivyopatikana, maana hapa ndipo wengi hupoteza alama. Katibu Mkuu hachaguliwi kama rais. Kwa Ibara ya 97 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, Baraza la Usalama hupendekeza jina, kisha Baraza Kuu humteua. Wanachama watano wa kudumu, yaani Marekani, Urusi (wakati huo Umoja wa Kisovieti), Uingereza, Ufaransa na China, kila mmoja anaweza kulizuia jina kwa kura ya turufu. Katibu Mkuu wa kwanza, Trygve Lie wa Norway, alitangaza kujiuzulu Novemba 1952 baada ya Wasovieti kumsusia kwa sababu ya vita vya Korea. Majina ya watu mashuhuri yakakwama. Lester Pearson wa Kanada, kwa mfano, alizuiwa na Wasovieti.

Ndipo likaletwa jina la Msweden ambaye wakubwa hawakumjua sana, na kwa hiyo hawakuwa na sababu ya kumkataa. Yeye mwenyewe hakuwa ameulizwa. Habari zilipomfikia usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili 1953, alidhani ni mzaha wa siku ya wajinga! Tarehe 7 Aprili Baraza Kuu lilimteua kwa kura 57. Walidhani wamepata karani mtulivu.

Karani huyo alikwenda Peking Januari 1955 kuzungumzia marubani wa Marekani waliofungwa China, na Agosti mwaka huo wakaachiwa. Mwaka 1956, katika mgogoro wa Suez, alisaidia kuunda kikosi cha kwanza cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa. Mwaka 1957 aliteuliwa tena bila kupingwa.

Lakini usiandike kwamba Katibu Mkuu ana amri juu ya nchi. Rudi Ruvuma uone. Februari 1956 aliziandikia nchi zilizokuwa zimejiunga karibuni, Ureno ikiwemo, kuuliza kama zinatawala maeneo yasiyojitawala. Ureno ilijibu kuwa haina. Basi. Hakuwa na askari wala mahakama ya kuilazimisha. Juni 1960, Mueda, kwenye uwanda wa Makonde wa ng'ambo, askari wa Ureno waliwapiga risasi watu waliokuwa wamekusanyika. Desemba mwaka huo Baraza Kuu, likiwa sasa na nchi nyingi mpya za Afrika, ndilo lililotamka kuwa Msumbiji ni eneo lisilojitawala.

Silaha yake kubwa ilikuwa Ibara ya 99, inayomruhusu kulipelekea Baraza la Usalama jambo linalotishia amani. Aliitumia Julai 1960, Kongo ilipoingia vurugu siku chache baada ya uhuru. Majeshi ya Umoja wa Mataifa yakapelekwa. Patrice Lumumba alitaka yavunje kwa nguvu uasi wa Katanga. Hammarskjöld alikataa, akisema hakupewa idhini hiyo. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961, na Waafrika wengi walimlaumu. Lawama hiyo usiifiche katika jibu lako. Kwa upande mwingine Khrushchev, kiongozi wa Wasovieti, alitaka ajiuzulu na kiti chake kigawiwe watu watatu. Alikataa, kwa hoja kwamba ofisi hiyo ni kinga ya nchi ndogo kuliko za wakubwa.

Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961, akienda kuonana na Moïse Tshombe wa Katanga, ndege yake ilianguka karibu na Ndola, Zambia ya leo. Wote 16 waliokuwemo walipoteza maisha. Sababu inabishaniwa hadi sasa. Uchunguzi mpya wa Umoja wa Mataifa, tangu 2015, umeongozwa na Mtanzania, Jaji Mohamed Chande Othman. Mwaka huo huo wa 1961 marehemu alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani.

U Thant wa Burma alishika nafasi yake mwezi Novemba. Tarehe 14 Desemba 1961, siku tano baada ya uhuru, Tanganyika iliingia Umoja wa Mataifa, na jirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma wakangoja hadi 1975.

Swali la kujipima: Mwaka 1981 Salim Ahmed Salim wa Tanzania aliungwa mkono na nchi nyingi kuwa Katibu Mkuu, lakini Marekani ilimzuia. Ukitumia Ibara ya 97, eleza kwa nini Hammarskjöld alipita mahali ambapo Salim alikwama.