Ferruccio Lamborghini: Mtu wa matrekta aliyechoshwa na klachi

Katika kijiji cha Tanzania nilikosomea uhamishoni, mashine kubwa kuliko zote ilikuwa trekta. Klachi yake ilipoungua, shamba lililala. Labda ndiyo sababu, kati ya waunda magari ya kasi, nampenda zaidi huyu.

Ferruccio alizaliwa Aprili 28, 1916, kwa wakulima wa Renazzo, kaskazini mwa Italia. Vita Kuu ya Pili ilimkuta kisiwani Rhodes akitengeneza magari ya jeshi la anga, akatekwa na Waingereza. Aliporudi kwao alinunua mabaki ya magari ya kijeshi, akayageuza matrekta. Mwaka 1948 alianzisha kampuni.

Utajiri ulimletea Ferrari, na Ferrari ikamzoesha gereji. Klachi haikudumu. Alisimulia mwenyewe kwamba ilipofunguliwa katika karakana yake, walikuta ni sawa na ile ya matrekta yao, ila bei ilikuwa ya mbinguni. Alipomlalamikia Enzo Ferrari, akaambiwa ashike matrekta yake. Huenda alitia chumvi kidogo; wafanyabiashara ndivyo walivyo. Lakini mwaka 1963 alifungua kiwanda cha magari Sant'Agata Bolognese, na mwaka 1966 ikatoka Miura, injini yake ya silinda 12 imelazwa kwa upana nyuma ya dereva.

Kiwanda hakikubaki mikononi mwake. Mwaka 1972 aliuza hisa nyingi, mwaka 1974 akamaliza zilizobaki. Akahamia Umbria kulima zabibu na kutengeneza mvinyo, hadi alipofariki Februari 20, 1993.